Prosesa Mbili Zisizofanana

Kila alipotoka shule, Samia alipitia dukani kwa mjomba wake Halfani, Nachingwea mjini, akafagia na kufuta vumbi kwenye mashine. Halfani alihariri video za harusi na za watoto wanaotoka jandoni. Kompyuta yake kubwa ilitumia prosesa mbili, yaani bongo mbili zinazosaidiana kazi. Zote mbili zilikuwa zimeungua.

Jumamosi Samia alikwenda Ruangwa kumsalimia bibi yake. Mjomba alimwagiza prosesa zilizotumika.

"Chukua za bei nafuu, sitaki makubwa. Lakini ziwe pacha. Namba zilizoandikwa juu yake zifanane zote."

Jumatatu fundi wa dukani, Anuari, alizipokea. Zilikuwa na dawa nyeupe ya kupunguza joto, iliyokaukia juu na kuficha namba.

"Umelinganisha namba?" aliuliza.

"Nimelinganisha. Ni pacha."

Anuari alimwamini, akazipachika. Kompyuta ikalia, kioo kikabaki cheusi.

"Umeziua, mikono ya jembe wewe!" Halfani alifoka. "Watu wa harusi ya Marambo wanataka video yao leo!"

"Sijaua kitu, bosi. Nimepachika kama siku zote."

"Kubisha unajua, kazi hujui! Kusanya bisibisi zako, uondoke."

Anuari alianza kutupia bisibisi kwenye begi. Samia akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, si yeye. Muuzaji alikuwa na moja tu ya aina ile. Ya pili nikachagua yenye namba kubwa zaidi, nikidhani ni bora. Nyumbani tukichanganya korosho za daraja la pili na za kwanza, gunia linapita."

"Hili ni gunia? Na ulipoulizwa?"

"Nilidanganya. Niliogopa utaniita mjinga."

"Ningekuita mjinga, yakaisha!"

Halfani alichomoa prosesa moja, akaacha nyingine. Kioo kikawaka. Mashine ingejikokota, lakini video ingetoka kesho yake.

"Nisamehe, kaka Anuari," Samia alisema.

"Nilikuuliza, ukanijibu kwa macho makavu," Anuari alijibu bila kumtazama.

"Rudisha bisibisi zako, Anuari," alisema Halfani. "Nimekufukuza kabla ya kuuliza, nimekosa. Na wewe ungefuta ile dawa usome mwenyewe." Kisha akamgeukia Samia. "Usipopata ulichoagizwa, rudi mikono mitupu useme hukupata. Kitu kibaya tutakibadilisha. Lakini uongo wako ulikuwa unamnyang'anya Anuari ugali wake, nawe umesimama pembeni na ufagio, ukitazama."