Katoni Iliyofika Imefungwa

Kila Jumapili Abigaïl aliweka simu yake dirishani, mahali mtandao uliposhika vizuri, akasonga bukari, ugali wa kwao, huku masikio yakiwa kwenye simu. Yeye na mumewe, Donat, waliishi Naviundu, Lubumbashi. Baba yake, mzee Mulenga, aliishi shambani, mbali nyuma ya Mokambo. Huko hakuna umeme. Mzee alipeleka simu yake sokoni kwa baiskeli ikachajiwe, ndipo ampigie binti yake. Jumapili nyingine simu haikulia, na Abigaïl alikula bila hamu.

Ndiyo maana Donat alinunua sola kwa ajili ya wakwe zake. Kulikuwa na paneli, betri, taa na régulateur, yaani kisanduku kidogo kinachopokea umeme wa paneli na kuupeleka kwenye betri kwa kiasi. Vyote vilikuwa ndani ya katoni kubwa iliyofungwa tangu kiwandani.

Jirani yao Laurentine, fundi wa kufunga sola, aliiona katoni ile.

“Papa Donat, fungula tujaribu hapa kwanza,” alisema. “Kule hakuna fundi, hakuna magasin ya kuuzisha bintu ya sola.”

“Mama Laurentine, hii ni kintu ya bakwe. Nikipeleka carton yenye kufunguliwa, batasema mukwe analeta occasion, kintu yenye bengine balishatumia.”

“Basi batapata carton muzuri sana.”

Donat alicheka tu. Abigaïl naye angeweza kusema neno, lakini alitaka mama yake, Mapalo, awaonyeshe majirani katoni mpya. Akanyamaza, na kunyamaza huko kunamuuma hadi leo.

Walifika shambani kabla ya mvua kuanza. Mzee Mulenga aliifungua katoni kwa kisu chake mwenyewe, polepole, akiifurahia. Donat akapanda juu ya paa, akafunga paneli, akashuka na kuunganisha nyaya zake kwenye régulateur. Kisha akatafuta waya wa betri. Hakuuona. Akaipindua katoni, akaitikisa. Waya haukuwemo.

Akaenda kuomba waya kwa jirani. Huku nyuma jua kali likaendelea kusukuma umeme ndani ya régulateur isiyo na betri. Aliporudi, ilikuwa inanuka plastiki iliyoungua.

“Haina neno, mukwe,” mzee alisema. “Utaleta ingine.” Akaiweka katoni tupu ndani ya nyumba, akaitunza.

Mvua ikanyesha. Barabara ikawa matope matupu, baiskeli hazikupita tena. Simu ya mzee ikazima. Halafu mzee akashikwa na homa. Mama Mapalo alikuwa na simu mkononi, lakini hakuwa na namna ya kumwita mtu yeyote. Habari ziliwafikia Naviundu kwa mdomo wa dereva wa lori, na walipofika walikuta kaburi. Abigaïl alilia sana. Baba yake alikufa chini ya paneli mpya.

Baada ya matanga Donat aliishusha paneli, akachukua na betri, akarudi navyo mjini. Alikwenda kwa Laurentine mikono mitupu.

“Uliniambiaka,” alimwambia.

Laurentine hakumsimanga. “Leta bintu, Papa Donat. Mama angali kule.”

Walinunua régulateur nyingine, wakatandaza kila kitu uani. Laurentine alieleza, Donat akafanya kwa mikono yake.

“Kwanza angalia kama bintu yote iko: câble, ni kusema waya, fusible ya kulinda, na vis ya kukaza. Soma betri ni ya aina gani, utengeneze régulateur ifanane nayo. Halafu unaunganisha. Betri njo ya kwanza. Panneau inafuata. Taa ni ya mwisho. Siku ya kutosha, ni kusema kutoa bintu, panneau njo inatoka mbele, ya kwanza.”

“Juu ya nini betri ya kwanza?”

“Bila betri, régulateur haijui itafanya nini na nguvu ya jua. Inaweza kuungua. Ile uliona.”

Donat aliinamisha kichwa. Ndiyo, aliona.

Taa iliwaka uani siku kadhaa. Simu zilichajiwa. Betri, iliyokuwa imeshuka kwa kukaa bure, ikajaa. Ndipo walipotoa paneli, kisha betri, wakatia alama kila waya, wakaongeza waya wa akiba. Safari hii vyombo vilisafiri ndani ya mfuko wa unga.

Kule shambani Mama Mapalo aliutazama mfuko. “Mulibifungula?”

“Ndiyo, mama,” Donat alijibu. “Tulibifungula, tulibijaribu. Hata ile ya kwanza tungefanya vile.”

Mama aliupokea mfuko, akauingiza ndani. Jioni ile taa iliwaka, naye akatoka nje, akakaa upande wa kaburi mpaka Abigaïl alipomfuata.

Siku hizi simu hulia dirishani kila jioni. Mama Mapalo anatumia simu ya marehemu, na Abigaïl hajabadilisha jina la namba hiyo. Kwenye kioo cha simu panaandikwa Papa, alivyomwita baba yake. Anaiacha ilie kidogo, kisha anaitika.

“Allô, mama.”