Noti Thelathini na Moja Zisizo na Jina

Foleni ya supu kwenye daraja la kioo linalounganisha maghorofa katikati ya jiji la Minneapolis, saa sita mchana, si mahali pa kuandikia. Signe Torvik aliandika hivyo hivyo. Kofia nyekundu ya sufu ilikuwa imemteleza sikioni, kompyuta kaiegemeza kwenye mkono wa kushoto, kioo chake kimegawanywa vipande sita, kila kipande na noti yake, andiko fupi la haraka.

"Dada, foleni imesogea," sauti ilisema nyuma yake. "Na hizo noti zako hazina jina hata moja."

"Kumbe unanisomea?"

"Sita kwa mpigo! Unajuaje ipi ni ipi?"

"Wewe vidole vyako umevipa majina?"

"Vinayo. Gumba, shahada, cha kati..."

Signe aligeuka ili amjibu jeuri, akakuta tai iliyonyooka na viatu vinavyong'aa kama vile nje hakuna theluji. Alikuwa Desmond Pruitt, mtunza nyaraka wa makumbusho, mtu anayebandika lebo hata kwenye mtungi wa chumvi. Siku hiyo walikunywa supu meza moja. Baada ya mwezi, simu zilikuwa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Niko noti ya tisa. Nitakula nikifika ya kumi."

"Utakufa na njaa, kichwa ngumu wangu."

Alhamisi moja mchana, Desmond akiwa nyumbani kwa Signe, naye Signe ameshuka chini kuanua nguo, aliona kompyuta ya Signe imekuwa nzito. Akataka kumsaidia: akaifunga ile programu ya kuandikia, akaifungua tena. Aliamini itamuuliza kwanza. Lakini programu ile huuliza juu ya mafaili yaliyopewa jina tu. Noti ya haraka isiyo na jina huiacha ipotee, iende zake. Zilikwenda thelathini na moja.

Mojawapo ilikuwa hotuba ya Jumamosi. Miaka tisa Signe alikuwa akikaa nyuma kwenye mikutano ya waandishi wa programu, mabosi wakimcheka kwa fujo yake. Safari hii ndiye aliyeitwa mbele.

"Nisamehe, Signe. Sikujua haitauliza!"

"Ungeniuliza mimi."

"Lakini na wewe ungesevu! Jina moja tu, ungekufa?"

Hapo ndipo alipoharibu. Signe alimfungulia mlango, akamrushia koti lake.

Ijumaa simu yake ililia mara saba. Ya nane aliipokea.

"Nije tuandike upya?"

"Sitaki. Na majina sitoi."

"Ubishi huu, Signe..."

"Ni wangu. Ulinipenda nao, au ulikuwa unangoja kuurekebisha?"

"Nilitaka tu kukusaidia," Desmond alianza. Signe akakata simu, akalia kwa sauti, maana alimpenda yule mwanamume na hakuwa tayari kujikunja ili asimpoteze.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Signe alipanda jukwaani na gauni la njano na mabuti ya theluji, akafungua programu tupu kwenye kioo kikubwa.

"Hotuba yangu imepotea," alisema. "Nitaiandika mbele yenu. Anayetaka unadhifu, mlango ule pale."

Hakuondoka mtu. Alifungua noti moja ya hoja, nyingine ya mfano, ya tatu ya maswali waliyomrushia, akirukaruka kati ya noti hizo bila kupotea hata mara moja. Bosi mmoja aliyezoea kumcheka alikuwa ananakili.

Mwishoni mkono ulinyooshwa. Ulikuwa wa Desmond, macho mekundu.

"Mimi ndiye niliyezifunga," alisema mbele ya watu wote. "Na jana hukukosea. Nilikuwa nangoja kukurekebisha. Nimeacha. Nitapata nafasi nyingine?"

Signe alifungua noti mpya kwenye kioo kile kile: *Desmond, hamia kwangu. Tuoane majani yakichipua. Noti zangu huzigusi.*

Ukumbi ulipiga vigelegele. Desmond alipanda, akafungua noti yake pembeni ya ile: *Ndiyo. Naogopa, lakini ndiyo.* Kisha, kwa mazoea, vidole vyake vikaanza kutafuta pa kusevu.

"Thubutu!" alisema Signe.

Akaukamata ule mkono, na hakuuachia hata mtu mwingine aliposimama kuuliza swali.