Boga Walilolikataa Nguruwe

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Jumapili hii asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya reli, na Djo alipitishwa mbele yako ameshikwa ukosi na watu wawili, miguu mitupu, shati limepasuka begani. Wewe uliinama kutengeneza mnyororo wa baiskeli yako. Mnyororo haukuwa umekatika. Uliinama vilevile mwaka ule walipomfukuza mama muuza makala wakisema ni mchawi, na uliinama tena walipobomoa vibanda vya wachuuzi karibu na stesheni. Umezoea. Basi leo inua kichwa usikie alichokiona Béthanie Mwila wakati wewe unautazama mnyororo mzima.

Béthanie ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Kimetodisti asiye na haraka, mwenye tabia ya kusimama katikati ya njia akiwaza hadi pikipiki zimpigie honi. Jumapili hii, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa bado na usingizi kichwani mke wa jirani alipomgongea dirisha. Alikuwa anaota maboga. Katika ndoto yalikuwa yamelala mashambani kote Kamina kama watu wanene waliojifunika majani, na yalikuwa yanapumua.

"Madame Béthanie, uamke. Boga ya Papa Malachie banaiua."

Alimkuta Malachie Mwamba uani kwake, amesimama kando ya kilichobaki. Malachie ni karani, mtu wa koti hata siku ya joto, na kwa miaka miwili mfululizo boga lake ndilo lililoshinda. Sasa vipande vya ganda vilitapakaa juu ya kitanda cha nyasi kavu, maana boga kubwa halilazwi juu ya udongo mtupu. Linatandikiwa nyasi lisioze tumbo. Kati ya vipande, kama kitu kilichowekwa mezani, kulikuwa na sandali moja ya plastiki yenye mkanda uliokatika.

"Ni ya Djo," alisema Malachie kwa sauti ya chini. "Ule motard wa Mulongo, ule wa pikipiki. Kila muntu anaijua."

"Uliona yeye?"

"Nione nini tena? Sandale yake inasema."

Béthanie alichuchumaa. Ukungu ulimpita begani polepole. Palipokuwa na boga, nyasi zilikuwa nyeupe, hazikupigwa jua. Kuzunguka weupe huo nyasi zilikuwa zimeungua rangi ya chai. Duara jeupe lilikuwa dogo. Lilimfanya afikirie sahani. Akawaza jinsi jana, Jumamosi alasiri, Malachie alivyomwita kutoka kwenye lango hilihili, akanyoosha kidole kuelekea gunia lililofunika boga, akasema, "Kesho mutapima, Madame, na mutashangaa." Gunia lilikuwa limevutwa hadi chini. Hakuliona boga lenyewe.

Alipoinuka, Djo alikuwa ameshakamatwa.

Inafaa ujue mashindano yalivyo, ingawa unayajua. Wanawake wa makanisa mawili waliyaanzisha ili watu wapande chakula badala ya kulia njaa. Mwenye boga kubwa hupewa kulima bonde la kijito kwa mwaka mzima, bonde lisilokauka hata kiangazi. Boga halipimwi na mwenyewe. Mkatoliki hupima la Mmetodisti, Mmetodisti hupima la Mkatoliki, kila Jumapili baada ya ibada, na Jumapili ya mwisho, ndiyo hii, kila boga hupimwa wazi mbele ya watu wote. Kila boga lina kamba yake ya kitenge cha zamani kilichosokotwa. Kamba huzungushwa tumboni, na pale inapokutana hufungwa fundo. Kisha zote hutundikwa ukutani kwenye ukumbi, na ukitazama nafasi kati ya fundo na fundo unaona boga lilivyokwenda: mwanzoni hatua ndefu za kijana, baadaye hatua za mzee.

Béthanie alipima la Djo na la mama Noémie Kapinga, mjane Mkatoliki mwenye shamba ng'ambo ya reli. La Malachie lilipimwa na mzee Matthias, Mkatoliki wa siku nyingi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia giza.

Na boga la Djo lilikuwa linakwenda. Mtoto wa wavuvi wa Mulongo, aliyekuja mjini na pikipiki ya mtu mwingine, alipanda mbegu moja nyuma ya nyumba ya kupanga, na boga likapanda hadi kiunoni kwake.

Saa mbili Béthanie alisimama mbele ya kituo kidogo cha polisi cha mtaa. Kamanda wake, Ézéchiel, alikuwa anakunywa chai.

"Dakika mbili, Madame. Kesho asubuhi anapelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka. Na mchana wa leo comité ya mashindano inaenda kukata boga yake. Mwizi hashindi."

Djo alikuwa amekaa nyuma ya mlango wa bati, magoti kidevuni. Tundu la mlango lilionyesha jicho moja na nusu ya mdomo.

"Maîtresse," alimwita, kama watoto wa shule wanavyomwita mwalimu wao, "banakuja kuikata?"

"Usiulize boga. Jiulize weye mwenyewe."

"Minyi na ile boga ni kintu kimoja. Wakiikata, mwenye nyumba ananifukuza, pikipiki wanainyang'anya. Nitarudia Mulongo na jina ya mwizi. Mama atanikatala."

"Sandale yako ilifika namna gani kwa Papa Malachie?"

"Minyi njo namubebaka ku kazi kila asubuhi. Juzi, siku ya tano, ilikatika mbele ya mulango yake. Niliiacha pale, nikaendesha miguu bule. Alicheka, akasema nitanunua viatu nikipata bonde."

"Wanasema ulilionyesha boga lake kwa kidole. Kwamba ulilitakia kufa."

Jicho lile lilikasirika. "Minyi kidole? Maîtresse, ku Mulongo ata mutoto wa maziwa anajua. Boga iko muzima, unafunga mukono, unaonyesha na ngumi. Kidole ni ya kitu yenye kufa. Nikionyesha boga na kidole, mama angenipiga mupaka leo."

"Ndiyo," alisema Béthanie. "Hata kwetu." Akasimama pale mlangoni muda mrefu, kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba nyingine, hadi Ézéchiel akakohoa.

Mshukiwa wa pili alipatikana bila kutafutwa. Ève, mke wa Malachie, alisema alipotoka nje alfajiri alimwona mama Noémie akitoka uani kwao na beseni kichwani. Na Noémie na Malachie walikuwa hawasalimiani tangu Malachie alipomnyima maji ya bonde.

Noémie alikuwa anafagia alipomwona Béthanie anavuka reli.

"Eyo, vidye," alimwamkia kwa Kiluba, kisha akaegemea ufagio. "Unakuja kunifunga, maîtresse? Ngoja kwanza nimalize uwanja, ile cachot ya polisi najua haina ufagio."

"Ulikuwa kwa Malachie alfajiri."

"Nilikuwa. Ninapitaka pale kila siku ya Mungu nikienda misa ya kwanza. Nikaona boga imepasuka, bantu bote bangali kulala. Nikasema, ile ni chakula ya nguruwe inapotea. Nikakimbia kuleta beseni, nikajaza nyama yote, nikarudia."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie Malachie nini? 'Bonjour, nimekuja kubeba aibu yako'? Hapana. Lakini usiogope, sikufaidika. Kuja uone."

Beseni lilikuwa bado kwenye zizi, limejaa. Nguruwe watatu walikuwa wamelala mbali nalo, wamegeuza migongo.

"Banakatala," alisema Noémie. "Hawa banakulaka ata sandale. Mwaka jana banakula kitabu ya nyimbo. Lakini ile boga ya mukubwa, banainusa, banaenda kulala. Minyi nilibaki na haya mbele ya nguruwe."

Béthanie aliingiza mkono kwenye beseni. Nyama ya boga ilikuwa kahawia, nyuzinyuzi, laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Boga lililovunjwa usiku huo lingetoa harufu tamu, lingekuwa la rangi ya chungwa na mbegu zinateleza. Hili lilikuwa limekufa siku nyingi. Mtu alikuwa amevunja maiti.

Alienda ukumbini. Hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limepenya ukungu, likaingia dirishani likiwa jepesi kama unga, na kamba zilining'inia ukutani zikitikisika kidogo ingawa hapakuwa na upepo. Alizigusa moja moja. Ile ya Noémie: fundo mbali, mbali, kisha pale wiki ya baridi ya mwanzo wa kiangazi, mafundo yamebanana kama watu wanaoota moto. Ile ya Djo: hivyohivyo, kubanana palepale, kisha ikajinyoosha tena kidogo. Kila kamba ukutani ilisimulia baridi ileile. Ilikuwa kama kushika mikono ya watu waliougua pamoja.

Kamba ya Malachie haikujua baridi. Hatua zake zilikuwa sawa kutoka katikati hadi mwisho, sawasawa kama mataruma ya reli. Hakuna kitu chenye uhai kinachokwenda namna hiyo.

Alimkuta mzee Matthias barazani kwake. Mzee hakumficha kitu.

"Minyi nashika upande moja, Malachie anasaidia upande ingine. Boga iko chini ya gunia, anasema jua itaiunguza. Anafunga fundo, anasema, 'Vizuri, tata muzee.' Nami nasema vizuri."

"Uliliona?"

"Mama, minyi siku hizi naona sauti tu."

Saa tisa mchana comité ilikuwa nyuma ya nyumba ya Djo, na nusu ya mtaa ilikuwa nyuma ya comité. Na wewe ulikuwepo, kando ya ukuta, na baiskeli yako. Boga lilikuwa limelala kati ya majani mapana, la rangi ya machweo, kubwa hivi kwamba watoto walinyamaza. Malachie alishika panga lililofungwa kwa kitambaa cheupe, kama kitu cha kanisa.

"Ngojeni," alisema Béthanie. Alikuwa na kamba tatu shingoni. "Papa Malachie, bantu ba nyuma hawaoni. Uwaonyeshe boga tunalokata."

Malachie hakuwaza. Mkono wake ulijifunga wenyewe, vidole vikaingia ndani, akaelekeza ngumi. "Ni hii."

"Kwa nini ngumi?"

Watu walicheka kidogo. "Maîtresse, iko mali ya mwizi, lakini iko muzima bado," alisema Malachie. "Tuko bantu ba hapa."

"Ni kweli. Na jana alasiri, kwenye lango lako, uliponiita nione boga lako, ulilionyesha kwa nini?"

Malachie alitazama mkono wake kana kwamba ameuokota njiani.

"Ulinyoosha kidole," alisema Béthanie. "Boga ulilolilea miezi, siku moja kabla ya kupimwa. Hungethubutu kama lingekuwa hai. Mkono wako ulijua."

"Mukono unaweza kukosa."

"Na nguruwe nao?" Noémie aliinua beseni juu. Harufu ilitangulia, safu ya mbele ilirudi nyuma.

Béthanie alizungusha kamba ya Djo kwenye boga la Djo, ikakaa vizuri hadi kwenye fundo la mwisho. Kisha akazungusha ya Malachie juu ya hilohilo. Kwa fundo lake la mwisho, boga la Malachie lingekuwa nene kuliko hili. "Papa, duara jeupe lililobaki kwenye nyasi zako asubuhi ni la boga la kupika jioni. Mtu yeyote aende akaangalie. Lilisimama wiki ya baridi, likaoza. Wewe uliendelea kufunga mafundo na mzee asiyeona. Na siku ya kupima ya mwisho ilipokaribia, siku ya kuondoa gunia, ulihitaji mtu wa kulivunja. Djo alikuachia sandali."

Malachie aliweka panga chini polepole. Alipoongea, aliliongelea boga lake.

"Nilikuwa naisikia usiku," alisema. "Mwaka jana, mwaka juzi, nilikuwa nalala naisikia inakua, kama mutu anageuka kwa kitanda. Halafu siku moja kimya. Niliongea nayo. Nilileta maji ya moto. Kimya." Alipangusa mdomo. "Miaka makumi mbili niko karani. Kitu moja tu bantu banajua ku jina yangu ni boga. Halafu ule mutoto wa samaki, asiye na ata kitanda, anaweka mbegu kwa takataka, inapanda. Apewe bonde. Minyi nimupishe njia nikienda kuomba maji."

"Kwa hiyo ukampeleka gerezani."

"Nilifikiri watamufukuza tu," alisema Malachie. "Ni muntu wa kwenda. Ataenda."

Hayo ndiyo uliyoyasikia. Kila neno. Uliona Malachie akivaa koti lake vizuri na kuondoka, na hakuna aliyemzuia. Uliona boga halikukatwa. Watu wakapumua, wakasema haki imepatikana, wakarudi nyumbani kula.

Béthanie na Noémie walikwenda kituoni. Ézéchiel aliwasikiliza, akazungusha kikombe.

"Malachie amepita hapa. Anasema hakukiri kitu. Nitamufungulia Djo leo ile saa nikipata bantu batatu wenye kusema mbele yangu bamusikia. Ninyi muko bawili."

"Uwanja ulijaa bantu," alisema Noémie.

"Njo nauliza, mama. Bako wapi?"

Béthanie aligeuka kuangalia mlango ulio wazi. Barabara ilikuwa na vumbi la dhahabu, treni ya mizigo ilikuwa inavutwa mahali fulani, na watu walipita wakitazama mbele, kila mmoja kama aliye katika usingizi wake. Walikaa kwenye benchi, mwalimu na mjane, kamba bado shingoni. Wako pale hadi sasa. Nyuma ya bati Djo amewauliza mara moja tu kama boga limemwagiwa maji.

Kesho asubuhi wanampeleka, na kutoka kule hutamrudisha kwa kusikitika. Anahitajika mtu mmoja. Si comité, si pasta, si padri. Ni yule aliyekuwa kando ya ukuta.

Mnyororo wako ni mzima. Panda hiyo baiskeli, vuka reli, ingia kituoni, useme: nilikuwepo, nilimsikia. Kisha taja jina lako, na uliseme kwa sauti ili Djo alisikie nyuma ya bati. Nenda sasa, kabla Ézéchiel hajafunga mlango.