Picha ya Papa Népo

Kila Jumatano tulipotoka shuleni saa sita, nilipanda moja kwa moja hadi kwenye kliniki moja ya mtaa wa Gihosha. Mama yangu, Jovithe, alifanya kazi pale mapokezi. Yeye aliandika majina ya wagonjwa kwenye kompyuta, nami nilikaa nyuma yake nikila wali na maharagwe huku daftari likiwa magotini.

Kiti nilichokalia kilikuwa cha Papa Népo. Jina lake kamili lilikuwa Népomuscène. Alikuwa dereva wa kliniki, mtu wa kicheko kikubwa, na kila Jumatano aliniletea karanga na kuniuliza nimepata pointi ngapi. Alifariki mwezi wa tatu. Familia yake haikutaka kutangaza ugonjwa uliomuua, na wafanyakazi waliojua walinyamaza. Tangu hapo tulikuwa tunangoja kuganduka, yaani sherehe ya kumaliza matanga. Kwetu, ukikosa kuganduka kwa mtu uliyefanya naye kazi, watakusema mpaka uzeeke.

Jumatano moja Mama alimsindikiza mgonjwa maabara. Barua pepe ikaingia kwenye kompyuta yake. Nikaona Papa Népo ameegemea gari, anacheka. Chini iliandikwa: "Familia inakualika kwenye kuganduka. Andika jina lako na neno lako la siri la kazini upate kadi. Mwisho saa nane. Atakayechelewa hana nafasi."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Neno la siri la Mama nililijua, kwa sababu alikuwa ameliandika kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kibodi. Nikaona nitamwepusha na aibu. Nikaandika. Kadi haikuja, ukurasa ukabaki mweupe.

Nilijua nimefanya kitu kibaya, lakini Mama aliporudi nilijifanya nasoma. Mpaka leo najichukia kwa kimya kile.

Baada ya nusu saa Mama aliiona ile barua akafurahi. Alifungua kitabu cha namba cha kliniki, akampigia Mama Rosette, mjane wa Papa Népo, kwa simu ya mezani ili amshukuru.

"Mwaliko gani, Jovithe?" Mama Rosette alishangaa. "Siku hatujapanga bado. Na mi nitawaalika namna gani kwa kompyuta? Si nitakuja mwenyewe?"

"Lakini wameweka picha yake, ameegemea gari..."

Sauti ya Mama Rosette ikatoka nyembamba. "Nani amechukua picha ya bwana yangu?"

Nikaweka kijiko chini.

"Mama," nikasema, "mi niliandika mot de passe yako, lile neno la siri, humo."

Aliinua mkono. Nilifumba macho, lakini mkono ulienda kwenye simu. "Saa ngapi?"

"Kabla ya saa nane."

"Nusu saa yote, Nella! Na we uko unakula tu!"

Tonton Bonfils, yaani mjomba, kama nilivyomwita mtu wa kompyuta wa kliniki, alipigiwa simu akaja mbio. Kwanza alifunga mlango wa Mama wa kuingilia kwenye kompyuta za kliniki, ndipo akasoma kilichotokea.

"Kuna mutu ameingia kwa jina lako," akasema. "Amejaribu kufungua faili ya matibabu ya Népo mwenyewe."

"Puu!" Mama alitema mate ndani ya kitambaa chake. "Amevaa sura ya marehemu ili amwibie marehemu! Ameifungua?"

"Apana. Faili inadai namba inayotumwa kwenye simu yako. Iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mkoba, na jumbe tatu zenye namba zilikuwa zimeingia. Mama alipoishika tu, ikalia. Sauti laini, yenye adabu nyingi, ikasema: "Madame Jovithe? Hapa ni idara ya kompyuta ya kliniki. Tafadhali nisomee zile namba."

Mama akamtazama Tonton Bonfils. "Idara ya kompyuta iko hapa mbele yangu, inatoka jasho," akajibu. "We ni nani, mchafu we?"

Simu ikakatwa.

Wafanyakazi wote wakaitwa ukumbini. "Nani mwingine ameandika?" Tonton Bonfils aliuliza. "Sigombezi mutu. Nikijua sasa, nafunga sasa."

Wote wakatazama viatu vyao. Ule ukimya niliujua, ulikuwa kama wangu, na uliniudhi sana. Nikasimama. "Mimi niliandika, nikanyamaza nusu saa, na mwizi akaingia."

Madame Pascaline, mkurugenzi, akavua miwani. "Na mimi nimeandika," akasema. "Niliona haya kusema." Mikono mingine miwili ikainuka. Tonton Bonfils akafunga milango yote mitatu kabla mwizi hajagusa faili hata moja.

Jioni Mama alibandua kile kikaratasi akakichana vipande vipande. "Kosa lilianzia kwangu," akaniambia. "Lakini na we, ujumbe ukikuharakisha, simama kwanza. Mpigie mwenyewe kwa namba tunayoijua. Mot de passe haiombwi na mutu yeyote. Na ukikosea, sema hapo hapo."

Wiki tatu baadaye Mama Rosette alikuja mwenyewe na mwaliko wake mkononi, akazunguka chumba kwa chumba. Kadi yangu ilikuwa na jina langu, pamoja na mfuko wa karanga. Alikaa kidogo kwenye kile kiti, akatutazama.

"Népo aliwabeba wagonjwa wenu miaka kumi na tano," akasema. "Nililala naye nyumba moja, na hakuniambia hata siku moja alimbeba nani. Nanyi chungeni siri zao hivyo hivyo, na yake."

Madame Pascaline alisogea karibu, akamshika mkono.