Chipu ya Pili Kwenye Mizani

Msimu wa korosho ukifika, kijiji kizima cha Lionja huamkia ghalani. Magunia hupangwa foleni, wenyewe wakikaa juu yake na kubishana habari za timu ya mpira ya Namungo. Mwaka ule wa 2006 wakulima walitaka jambo moja: namba za mizani zionekane nje, dirishani, si kwa karani Silvanus peke yake.

Kazi akapewa Twaha, fundi redio. Alitoa ndani bodi ya namba, kile kibao kinachoonyesha uzito, akaivuta kwa waya mrefu mpaka dirishani. Ishara hufifia kwenye waya mrefu, kwa hiyo upande wa mizani akaweka chipu, kidude kidogo cha kuipokea ishara na kuirudia. Kisha, kwa kupenda sifa, akaweka nyingine ya aina hiyo hiyo upande wa dirishani.

"Mbili si zaidi ya moja?" alimwambia mkewe, Zaitun.

Asubuhi gunia la kwanza likapandishwa. Dirishani haikutokea namba hata moja.

"Karani kaichezea," Twaha akasema upesi, kabla hajaulizwa.

Watu wakawaka. Silvanus akanyang'anywa ufunguo wa ghala, akakaa ukutani, kofia mkononi. Twaha hakujua kosa liko wapi, ila alijua amesema uongo. Zaitun akamtazama. Twaha akaangalia vidole vyake.

Mchana akaja Domitila, fundi wa mizani kutoka Nachingwea mjini. Akafuata waya mwanzo hadi mwisho.

"Kaka Twaha, chipu hizi umeweka wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Waya huu huongea kwa kushusha umeme. Ukishuka, hilo ni neno. Chipu hulisikia, hulirudia upande wa pili. Ila yenyewe haishushi mpaka chini kabisa. Inabakiza kidogo, ili itambue sauti yake isijirudie bila mwisho. Bodi ya kawaida husikia hata hivyo. Lakini chipu ya aina hiyo hiyo huona umeme haujashuka vya kutosha. Hudhani mwenzake hajasema kitu."

"Kumbe hazisikilizani?"

"Zikitazamana hivi, hapana. Wala si mbovu. Kabla hujaunganisha, soma karatasi ya maelezo ya chipu: inashusha umeme mpaka wapi, na ya pili inasikia kuanzia wapi. Hapa moja inatosha."

Twaha akaitoa ya pili, akaunga waya. Gunia la Zaitun likapandishwa. Namba zikawaka dirishani, kila mtu akaziona. Foleni ikampigia Twaha makofi.

Makofi yale yalimuuma kuliko matusi. Aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Zaitun hakupiga makofi.

"Kawaambie," alisema taratibu. "Ama nitawaambia mimi."

Twaha akasimama mbele ya foleni. "Silvanus hakugusa kitu. Kosa ni langu, na nimemsingizia."

Makofi yakakatika. Akauchukua ufunguo kwa aliyeushika, akampelekea Silvanus kwa mikono miwili. Silvanus akaupokea, akavaa kofia yake, akarudi kwenye mizani.

Msimu mzima hakuna aliyegombana tena na karani. Siku hizi Twaha haunganishi bodi kabla ya kusoma karatasi ya chipu. Na kila akipita dirishani humsalimu Silvanus kwanza. Silvanus humwitikia, ingawa si kila siku.