Aliyeitikia "Salama" Ghorofa ya Tisa

Walikuwa watu kumi kwenye duara, na sauti zikatoka kumi na moja.

Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi, saiti ya ujenzi ya Amagasaki, Japani, na mvua za Juni hazijaamua kunyesha wala kuacha. Mazoezi ya viungo yalikuwa yameisha, redio imezimwa. Munakata, nyapara wa wafunga viunzi, yale majukwaa ya mabomba na mbao yanayozunguka jengo, akanyoosha kidole mbele yake kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka thelathini, akaita, "Kofia!"

"Salama!" wakajibu wote, vidole mbele.

"Mkanda!"

"Salama!"

"Kulabu!"

"Salama!"

"Afya!"

"Salama!"

Halafu, watu wote wakiwa wameshafunga midomo, mmoja akaitikia tena. "Salama." Taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka mambo yaishe akanywe kahawa yake.

"Nani anayeleta mzaha?" Munakata akafoka. "Hapa kazini, si baa."

Watu wakaangalia viatu vyao. Hirukawa, ambaye hutania hata msibani, akasema, "Mwangwi tu, Mkubwa." Lakini safari hii hakucheka, na wenzake nao hawakucheka.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yao ya kwanza kurudi kazini tangu Sonobe afe. Sonobe alitembea hewani kutoka ghorofa ya tisa, Jumanne, jua likiwaka, mbao kavu, hakuna upepo. Walipomwokota, kulabu ya mkanda wake alikuwa bado ameishika mkononi, hakuifunga popote. Ofisi ikaandika: uzembe wa mfanyakazi. Neno zuri hilo, fupi, linafunga faili vizuri sana, na kila mwenye tai alilipenda.

Sasa sikiliza jambo la karatasi, maana hapo ndipo ninapokasirika mimi. Saiti hizi haziendi bila karatasi. Kila asubuhi kila mtu anaandika hali yake: duara ni mzima, pembetatu ni hivyo hivyo, msalaba ni mgonjwa. Aliyebuni nadhani alikuwa na nia njema. Lakini weka pembetatu uone. Utashushwa ukafagie, wenzako watabeba mabomba yako, ofisi itaita kikao, na jioni nyapara ataulizwa kwa nini kikosi chake ni legelege. Mwendawazimu gani ataweka pembetatu? Munakata akapata njia ya mkato. Kila Jumatatu alikaa na kopo lake la kahawa akachora maduara ya watu wote mwenyewe, ya wiki nzima, kwa kalamu moja. Sonobe alikufa Jumanne. Kwenye karatasi alikuwa mzima wa afya mpaka Jumamosi.

Siku ya pili baada ya kurudi, Munakata alifungua karatasi mpya akakuta majina kumi aliyoyaandika, na chini yake, kwenye mstari usio na jina, duara. Akaligusa. Wino ukamchafua kidole. Akaichana karatasi, akaandika nyingine, akaifungia kwenye kabati lake. Kesho yake duara lilikuwepo, bichi vilevile, na kabati zima lilinuka plasta za maumivu ya mgongo, zile zenye ubaridi unaopanda mpaka puani. Sonobe alikuwa akibandika nne kila asubuhi kabla ya kuvaa shati.

Mwisho wa wiki hiyo Inagaki alimfuata Munakata wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya vyoo. Inagaki alikuwa amefanya kazi jozi moja na Sonobe kwa miaka sita, yeye anapokea bomba, mwenzake anafunga. Wali wake ulikuwa mkononi haujaguswa.

"Mkubwa, naomba dakika moja."

"Sema."

"Nikifika juu nanyoosha kidole, nasema 'Kulabu'. Kabla sijatazama kama nimeifunga, kuna mtu ananijibu. Hapa, nyuma ya sikio. 'Salama.' Basi mguu unakwenda."

"Unakwenda wapi?"

"Mbele, Mkubwa. Mwili umeshazoea. Ukisikia salama, unakwenda."

Munakata akatazama huku na huku. "Mara ngapi?"

"Tatu. Jana nilishtuka vidole vya mguu viko nje ya ubao, na kulabu nimeishika mkononi." Alikuwa akinong'ona. "Silali. Mke wangu anadhani nina mwanamke. Nikifumba macho naona lami inapanda."

Munakata alisikia maneno hayo ya mwisho yakimwingia vibaya, kwa sababu aliwahi kuyasikia mahali. Akayasukuma kando. "Ni Sonobe huyo? Ni sauti yake?"

Inagaki akatazama wali wake. "Sijui, Mkubwa. Niweke pembetatu kesho?"

"Wee! Usithubutu. Maiti haijafikisha hata siku arobaini na tisa za matanga, mtu wa kikosi kilekile aandike kichwa chake hakiko sawa? Watatutoa wote. Jikaze, kaka. Nitaongea na ofisi."

Na akaongea, tusimnyime haki yake. Akaenda kwa Kaji, afisa usalama, kijana mwenye kofia ngumu isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Hakusema jini, alisema "vijana hawana raha". Kaji akaandika. Baada ya siku mbili likabandikwa bango lenye picha ya mawingu: Usibebe Peke Yako, Tupigie Tukusikilize. Chini yake, saa za kupiga: saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Yaani saa zilezile mtu yuko juu, mikono miwili kwenye bomba. Ukitaka kusikilizwa, ning'inia kwa meno!

Inagaki alipiga hata hivyo, mchana, akiacha kula. Muziki ukapiga. Mama mmoja wa kurekodiwa akamwomba radhi, wahudumu wote wanaongea na wengine. Muziki tena. Mwishoni laini ikafunguka, kukawa kimya, akasema kwa sauti ndogo, "Haloo, mimi ni fundi wa viunzi, nahisi nitakufa," na simu ikamjibu nyuma ya sikio lake, si kwenye sikio: "Salama." Aliitupa kwenye ndoo ya maji ya saruji.

Mambo yalipofika hapo, ofisi ikaleta kuhani wa hekalu la jirani, kwa kuwa hilo lina fungu lake kwenye bajeti. Akaja mzee mwenye kanzu nyeupe, akapunga fimbo yake ya karatasi, akamwaga chumvi na pombe ya mchele kwenye pembe nne za jengo, watu wote wameinamisha vichwa matopeni. Kaji akapiga picha. Alipomaliza Kaji akasema kwa furaha, "Haya, sasa pako safi."

"Salama," ikaitikia ile sauti, katikati yao.

Kuhani aliacha kukunja kanzu. Akawatazama mmoja mmoja, akaishia kwa Munakata, akamtazama muda mrefu. "Mimi nimefukuza vya kufukuzwa," akasema. "Hiki kina mwenyewe. Sifukuzi cha mtu." Akaingia kwenye gari lake akaondoka, na Kaji akanung'unika kwamba watu wa dini siku hizi hawana weledi.

Siku iliyofuata, saa tisa alasiri, kipenga cha mapumziko kililia. Watu wakashuka kunywa chai. Munakata akahesabu vichwa: wanane.

"Inagaki yuko wapi?"

"Amesema anamalizia juu," Hirukawa akajibu, bila kumtazama.

"Ghorofa ya ngapi?"

Swali lenyewe lilikuwa la kijinga. Munakata akaanza kupanda ngazi za kiunzi. Ghorofa ya tatu alikuwa bado anatukana kimoyomoyo. Ya tano, magoti yakaanza kulalamika. Kwenye ya sita ndipo ile harufu ilipomkuta, ile ya plasta za mgongo, ikishuka kwa ngazi kama mtu anayeshuka kumpokea, na juu yake akasikia kulabu ikigonga chuma, ka, ka, ikifungwa na kufunguliwa, ikifungwa na kufunguliwa, akaongeza mwendo, na kadiri alivyokimbia ndivyo wavu wa kijani wa kuzuia vumbi ulivyomsogelea usoni na kumvutia pumzi, na mabomba aliyoyafunga kwa mikono yake mwenyewe yakawa yanatetemeka kwa hatua ambazo hazikuwa zake, za mtu mzito anayepanda sambamba naye, bega kwa bega, akisimama anaposimama yeye na kuhema anapohema yeye, mpaka alipotokeza ghorofa ya tisa akamwona Inagaki amesimama mwisho wa ubao pale pale palipo na pengo la wavu alilopitia Sonobe, mgongo umemgeukia, kidole kimenyooka kuelekea hewani.

"Inagaki! Usi..."

"Kulabu," akasema Inagaki, kwa adabu, kama yuko kwenye duara la asubuhi.

Na kabla Munakata hajavuta pumzi, jibu likatoka kando ya shavu lake mwenyewe, karibu kiasi kwamba alihisi ubaridi wake mdomoni. "Salama."

Mguu wa Inagaki ukaenda.

Munakata hakumbuki alifikaje. Anakumbuka kwamba alikuwa kifudifudi, mkono mmoja umekamata mkanda wa Inagaki, mwingine umekumbatia nguzo, na kwamba bega lililia kwa ndani. Akamvuta. Akachukua kulabu ya Inagaki akaifunga kwenye bomba, akaitikisa mara mbili, akafunga na yake. Wakakaa chini wawili, migongo ukutani, wakihema.

"Ni Sonobe," Munakata akasema. "Sonobe ananitaka nini? Nilimkosea nini?"

Inagaki alikuwa analia bila sauti. "Mkubwa, kweli huijui ile sauti?"

"Ya Sonobe."

"Siyo ya Sonobe. Sonobe sauti yake nyembamba, umesahau?" Akafuta pua kwa glavu. "Ni yako. Kikosi kizima tunajua, tangu asubuhi ya kwanza."

"Mnajua? Na hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Wewe ungesema nini?"

Munakata alijua angesema nini. Angesema, jikaze. Harufu ilikuwa bado imewakalia juu, nzito, na ule ubaridi ulikuwa bado mdomoni mwake ukisubiri zamu ya kusema. Akafungua kinywa kwa hofu, hajui kitatoka nini.

"Alinifuata asubuhi ile," akasema. "Kwenye mashine ya kahawa. Akaniambia, Mkubwa, leo ni siku ya nne sijalala, nikifumba macho naona lami inapanda, naomba leo nibaki chini. Nilikuwa na haraka. Zege lilikuwa njiani. Hata sikumtazama usoni. Nikamwambia, salama, salama, panda."

Wavu ukatulia. Harufu ikapungua kidogo kidogo, kama chumba kilichofunguliwa dirisha, ikabaki harufu ya mvua na kutu. Walisubiri muda mrefu. Hakuna aliyeitikia.

"Sasa nifanye nini?" Inagaki akauliza.

"Ushuke. Nakupeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Na mkeo nitamwambia mimi, maana wewe utamwambia uko mzima."

Alimpeleka. Daktari akampa Inagaki miezi miwili ya kupumzika. Asubuhi iliyofuata Munakata akaingia ofisini na karatasi zote za miezi ile, akazimwaga mezani kwa Kaji, akasema ni nani aliyechora maduara, na Sonobe aliomba nini.

"Bwana Munakata," Kaji akasema, akitazama mlango, "faili limeshafungwa. Unajiumiza bure. Saiti sasa imetulia, si unaona?"

"Lifungue."

"Si kazi yangu kulifungua."

"Basi ni kazi ya nani? Wewe ni afisa usalama au afisa picha?"

Akazichukua karatasi zake akapanda treni hadi ofisi ya wakaguzi wa kazi. Huko nako wakampa namba, akasubiri, wakampa fomu, akajaza, fomu haikuwa na nafasi ya kutosha, akageuza nyuma akaendelea. Wiki hiyohiyo kampuni ikamwambia anaonekana amechoka, apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Hajaitwa. Lakini sauti ya kumi na moja haikusikika tena pale saiti, na kila mtu sasa anachora alama yake kwa mkono wake. Hirukawa aliweka msalaba wa kwanza. Alifagia siku nzima, akatukanwa na mtu wa zege, na jioni akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Ilibaki nyumba moja. Jumapili asubuhi Munakata alivaa suti yake nyeusi, akanunua sanduku la keki tamu za maharage, akaenda kwa mjane wa Sonobe. Yasue alimfungulia akiwa na aproni. Munakata hakungoja kukaribishwa. Aliinama palepale mlangoni mpaka paji likakaribia magoti, akasema yote: kahawa, siku nne, lami, panda.

Yasue hakupiga kelele. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika kitasa.

"Najua," akasema. "Alinipigia asubuhi ile. Akaniambia amekuomba abaki chini umemkatalia, je, arudi nyumbani? Nikamwambia, mume wangu, usimuudhi mkubwa. Nenda tu."

Munakata akainua kichwa. Ndani ya nyumba, upande wa jikoni, mwanamke mmoja alisema taratibu, kwa sauti ya Yasue, "Nenda tu." Yasue mwenyewe alikuwa amefunga midomo.

"Huwa saa hizi," akasema Yasue. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. "Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani?"

Munakata akavua viatu, akaingia.