Bomba Lililong'olewa Ziwani

Jua la Bunia lilikuwa linachoma mabati, lakini lile bomba lilikuwa linatoka jasho. Kaswera ndiye aliyeliona kwanza. Akaligusa, akautoa mkono haraka: baridi yake ilikuwa ya maji ya kisima. Kuku wake wote walikuwa wamekimbilia barabarani na kukataa kurudi uani.

Bomba lilitoka Ziwa Albert. Kampuni iliyowahi kutafuta mafuta huko iliondoka ikaacha mnara wake wa chuma umesimama majini, na sasa mnara ulikuwa unabomolewa. Rémy, Mualuru wa Mahagi aliyekuwa katika kazi hiyo, ndiye aliyepandisha vyuma mpaka Bunia, kwa rafiki yake Tharcisse, mume wa Kaswera, ili vikatwe. Vingine vilikatika bila shida. Hili lilikuwa la mwisho, lile lililokuwa limezama katika udongo wenyewe chini ya ziwa.

Kaswera alimwomba mumewe aliache. Tharcisse akacheka, akasema ni gesi iliyobaki. Akafungua mdomo wa bomba, akaliacha lipumue mpaka akaridhika, kisha akawasha moto wa kukatia.

Chuma kilikataa kukatika. Ndani yake kukasikika mtu analia kwa kwikwi. Moto ukageuka, ukavutwa mdomoni mwa bomba, na harufu ya mayai yaliyooza ikajaa kiwanja. Tharcisse akaweka chombo chake chini polepole. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa meupe matupu.

Akamwendea Rémy, aliyekuwa amesimama kando akitazama, akamshika mkono akauvunja kama kuni, akaushika na ule mwingine akauvunja pia, na Rémy alipopiga magoti akamgonga uso kwenye bomba, akamgonga tena, meno yakidondoka vumbini, na Kaswera akamrukia mgongoni akimwita kwa jina, akatupwa ukutani, akainuka na nyundo, akampiga mumewe begani mpaka mfupa ukalia, naye hakugeuka hata kidogo, alikuwa anaongea kwa sauti ya mwanamke mzee, Kialuru cha zamani ambacho Rémy peke yake alikielewa.

"Anasema nini?" Kaswera alinong'ona.

"Anauliza nyumba yake iko wapi," Rémy akajibu. "Anasema siye tumeing'oa."

Majirani waliruka ua, wanaume wakamlalia Tharcisse. Mtu akamleta Mama Viviane, mkimbizi kutoka mji wa Fataki aliyejulikana mtaani kwa kufukuza pepo. Hakuanza kwa kuomba. Alimwinamia Rémy, akamuuliza kama shimo la bomba kule chini ya ziwa lilizibwa kwa simenti. Rémy akakiri kwamba wakubwa walikuwa na haraka. Walijaza matope tu.

"Basi nikimutoa, hana fasi ya kurudia," Mama Viviane akamwambia Kaswera. "Ataingia mu mutu mwingine. Ao arudi mu bomba, na weye ufunge."

Kaswera alijua kuunga chuma, kwani alifanya kazi kando ya mumewe tangu ndoa yao. Akatafuta bamba la kuziba ule mdomo. Mama Viviane akaanza kuomba. Tharcisse akainuka pamoja na wanaume waliomlalia, akausukuma mkono wake wa kuume ndani ya bomba. Kitu kilitembea chini ya ngozi ya shingo yake, kikashuka begani, kikapita kiwiko. Macho yake yakarudi, akaanza kupiga yowe kwa sauti yake mwenyewe. Lakini mkono haukutoka. Ulikuwa unavutwa, na bega nalo likaanza kuingia.

"Kaswera," akasema, "kata."

Akachukua panga. Pigo la kwanza halikumaliza kazi. Mkono ulipoachana na mwili, aliligandamiza bamba na kuunga, huku mumewe akivuja damu mikononi mwa majirani na bomba likipigwa mateke kutoka ndani.

Lilirudishwa ziwani, likashushwa katika shimo lake na kumwagiwa simenti. Safari hii hakuna aliyekuwa na haraka.

Tharcisse hakufa. Asubuhi moja Kaswera alipompelekea uji hospitalini, alimkuta ameketi wima, jasho linamtiririka. Akamuuliza kama kidonda kinamuuma.

"Si kidonda," akasema. "Ni mukono, kule uliko. Mutu anaushika."

Akakunja uso.

"Anavunja vidole, Kaswera. Moja moja."